Jumba la Mwisho wa Reli

Treni ya Kigoma ikishaiacha Tabora, safari hubadilika sura. Abiria wa Dodoma na Manyoni wameshashuka zamani, wa Mwanza wameshika njia yao ya kaskazini, na waliobaki katika mabehewa yetu wengi wao ni watu wa ziwani. Kiha kinasikika kila upande wa daraja la tatu, na katikati yake kinajichomeka Kiswahili cha Bujumbura na cha Kalemie, chenye mapigo ambayo sisi wa pwani tunayatambua mara moja kuwa si yetu. Akina mama wamepanga ndoo na mabegi kwenye ujia mpaka gadi akipita inambidi achague pa kukanyaga.

Ningeweza kwenda Kigoma kwa ndege au kwa basi. Nilichagua reli kwa sababu nilichokuwa nakifuata ni stesheni yenyewe, jengo ambalo Wajerumani walilijenga mwishoni mwa utawala wao pale ambapo Reli ya Kati inakutana na Ziwa Tanganyika. Stesheni haieleweki kwa kutazamwa kutoka barabarani peke yake. Inataka uifikie kama ilivyokusudiwa ifikiwe, ukiwa umechoka na vumbi la njiani, umekwisha kupita pori na mito yote iliyoifanya ihitajike.

Na pori lipo. Kati ya Tabora na Kigoma kuna zaidi ya kilomita 400 za reli, sehemu kubwa ikiwa misitu ya miombo. Treni inasimama Usoke, kisha Urambo, mji unaobeba jina la Mtemi Mirambo, aliyeitikisa njia nzima ya biashara katika miaka ya 1870. Inafuata Kaliua, panapochepuka tawi la Mpanda. Katika kila stesheni wachuuzi wanakimbilia madirishani: asali katika chupa za maji, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, kuku wa kukaanga. Treni ikikaribia Mto Malagarasi samaki wakavu wanachukua nafasi ya asali. Stesheni zenyewe nyingi ni nyumba ndogo, ofisi na ukumbi wa kusubiria, ubao wenye jina la mahali, na mwembe mmoja au miwili inayofanya kazi ya paa.

Nilikaa na mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa akirudi kwake Ujiji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kuanzia hapo akawa mwalimu wangu. Alinionyesha kambi za magenge, yale makundi ya mafundi waliokuwa wakiishi kando ya njia kuangalia kipande chao cha reli, kukaza skurubu na kufyeka majani. Alinionyesha pia mataruma ya chuma. Wajerumani, alisema, hawakuthubutu kulaza mbao katika nchi yenye mchwa kiasi hiki. Tulipofika Uvinza akaniambia nivute hewa, maana hapo ni kwenye chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza zimekuwa zikichemshwa na watu kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yake ilisafirishwa kwa kichwa mpaka mbali kabla ya reli kuwazwa.

Baada ya Uvinza njia huanza kuteremka. Tabora iko juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko juu kidogo ya mita 770, kwa hiyo treni ina mita zaidi ya 400 za kushuka kabla ya kupumzika. Bonde la Luiche linafunguka, michikichi inaanza kuonekana, na ghafla upande wa kushoto ziwa linajitokeza, pana, likiwa na milima ya Kongo ng'ambo yake. Behewa zima likasimama kuangalia, hata wale ambao wameiona picha hiyo maisha yao yote. Dakika chache baadaye tukaingia stesheni.

Jambo la kwanza linalomgonga mgeni ni ukubwa. Ukitoka kwenye zile nyumba ndogo za njiani, hukutegemea hili: jumba la ghorofa, jeupe, refu, lililopangwa kwa ulinganifu, lenye safu za matao na paa la mteremko mkali linaloonekana kutoka mbali. Limesimama chini ya mtaa mkuu, barabara ya Lumumba, inayopanda kutoka hapo kwenda Mwanga. Nyuma yake reli inaendelea kidogo mpaka bandarini. Jengo hili lingeweza kusimama katika mji mkuu wa nchi bila kuona haya. Kigoma ya mwaka 1914, kwa upande wake, ilikuwa kijiji kilichoanza tu kugeuka mji. Kwa nini basi jumba kama hili lijengwe hapa?

Jibu linaanzia Ujiji, kilomita chache kusini. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, Ujiji ndiyo iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani. Hapo ndipo Burton na Speke walipofika Februari 1858 wakalitazama ziwa, na hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, baada ya safari iliyomchukua zaidi ya miezi saba tangu aondoke pwani. Pembe za ndovu na watumwa walipita hapo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja, miezi kwenda na miezi kurudi. Lakini Ujiji ilikuwa na dosari moja ambayo haikuwasumbua watu wa mitumbwi na majahazi: pwani yake ni ya maji machache na iko wazi kwa mawimbi. Meli ya chuma haiwezi kufunga gati pale. Ghuba ya Kigoma ina kina kirefu na imekingwa na vilima. Wahandisi wa Kijerumani walipopima, reli ikaipita Ujiji na kwenda kukomea Kigoma. Kwa uamuzi huo biashara ikahama, na mji uliokuwa maarufu kuliko yote ya ziwani ukabaki na miembe yake na misikiti yake.

Reli yenyewe ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule Vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini. Kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt ndiyo iliyopewa kazi. Njia ilifika Morogoro Desemba 1907, ikafika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikaligusa ziwa, kilomita zipatazo 1,250 kutoka baharini, kwa geji ya mita moja. Historia zimeyahifadhi majina ya wahandisi na ya magavana. Waliochimba tuta, waliovunja mawe na kubeba mataruma walikuwa maelfu ya Waafrika, wengi wao wakiwa wamesukumwa na kodi iliyotakiwa kulipwa kwa fedha taslimu, fedha ambayo mtu wa bara hakuwa na pengine pa kuipata ila kwa kuuza nguvu zake. Cha kusikitisha ni kwamba miongoni mwa waliotengeneza njia hiyo walikuwamo Wanyamwezi, watu ambao reli ilikuja kuwanyang'anya kazi ya upagazi waliyoijua kuliko mtu yeyote.

Wajerumani hawakutumia fedha zote hizo kwa ajili ya dagaa wa Kigoma. Waliitazama ng'ambo. Kongo ya Mbelgiji ilikuwa na madini, mpira na pembe, na njia ya kuyatoa mali hayo kwenda Bahari ya Atlantiki ilikuwa ndefu na yenye kukatwakatwa na maporomoko ya mto. Kama meli kubwa ingeyachukua mali ya mashariki ya Kongo na kuyavusha ziwa, na treni ikayapokea Kigoma, Dar es Salaam ingekuwa lango la nusu ya Afrika ya Kati. Stesheni ilikuwa sehemu ya hoja hiyo. Mfanyabiashara au ofisa anayeshuka kutoka melini alitakiwa aone, kabla hajaongea na mtu, kwamba amefika kwenye dola yenye fedha na yenye nia ya kukaa. Ndiyo maana nasema jumba hili halikujengwa kwa kipimo cha Kigoma. Lilijengwa kwa kipimo cha tamaa.

Tamaa hiyo haikumaliza mwaka. Serikali ya koloni ilikuwa imeandaa maonyesho makubwa Dar es Salaam yafanyike Agosti 1914 kusherehekea reli kufika ziwani. Badala ya maonyesho, mwezi huo ukaleta Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo huo kulikuwa na meli moja iliyokuwa ikisafiri vipande vipande: Graf von Götzen, iliyotengenezwa kwenye kiwanda cha Meyer huko Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli hii. Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliiunga upya kando ya ziwa pamoja na vibarua wenyeji. Ilishushwa majini Februari 1915, na kazi yake ya kwanza ikawa ya vita. Ukisimama leo upande wa stesheni unaotazama njia za treni, unaweza kukadiria kazi iliyofanyika hapo: meli ya urefu wa mita 71 ilipita mahali hapa, bamba baada ya bamba.

Juni 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini ziliishambulia bandari kwa mabomu. Julai Wajerumani wakaondoka, na kabla ya kuondoka wakaizamisha Götzen wenyewe, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nyingi wakitumaini kuirudia. Wabelgiji wakaingia Kigoma mwishoni mwa mwezi huo, na Septemba wakaingia Tabora. Hivyo miaka miwili na nusu tu baada ya reli kufika, stesheni iliyojengwa ili kuwavutia Wabelgiji wapitishe mizigo yao ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji hao hao. Mwaka 1921 walikabidhi Kigoma kwa Waingereza, lakini walihakikisha hawapotezi njia: mkataba uliwapa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mzigo wa Kongo na wa Ruanda-Urundi ukaendelea kupita hapa. Götzen ikaibuliwa kutoka majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Mpango wa Wajerumani ukawa umetimia, ila wenyewe hawakuwapo.

Nililizunguka jengo asubuhi iliyofuata, treni ikiwa imeshasafishwa na umati umetawanyika. Bila watu ndipo unapoona lilivyofikiriwa. Kuta zake ni nene, na ukiweka kiganja upande wa kivulini unahisi ubaridi wa usiku bado umo ndani. Huo ndio ujenzi wa kabla ya pangaboi: ukuta mzito hunywa joto polepole mchana kutwa na kulitoa baada ya jua kuzama. Matao yanayolizunguka jengo yanafanya kazi mbili kwa pamoja. Yanabeba uzito wa juu, na yanatengeneza baraza yenye kivuli ambako abiria anaweza kusubiri bila kuchomwa na jua wala kulowa mvua ya masika, inayoanguka Kigoma kwa nguvu. Dari iko juu ili hewa ya moto ipande. Nafasi zilizo wazi zinapokea upepo wa ziwa. Paa la mteremko limefuata mtindo wa kwao Ulaya, lakini hapa mteremko huo unamwaga maji ya mvua upesi na kuacha hewa kati yake na dari.

Nilivutiwa zaidi na namna jengo linavyowapanga watu. Stesheni ya kikoloni haikuwa mahali pa wote kwa usawa. Madaraja ya safari yalikuwa madaraja ya watu: milango, vyumba vya kusubiria na madirisha ya tiketi yaliwatenganisha Wazungu, Wahindi na Waafrika kabla hawajapanda treni. Ghorofa ya juu ilimpa ofisa macho ya kuona kila kitu, njia za reli, bandari na umati. Mtu wa kawaida alionwa, hakuona. Leo mpangilio huo umekufa, na waliouua ni abiria wenyewe. Chini ya matao yale yale, saa za treni, wanakaa akina mama wa dagaa na migebuka, madumu ya mawese yamepangwa kando ya ukuta, wanafunzi wamelalia mabegi yao, na watoto wanakimbizana barazani. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kulichukua jengo. Walilichukua kwa kulitumia.

Na wamelitumia kwa haja ya kweli. Kwa miongo mingi masika yakifika barabara za mkoa huu zilikatika, na reli ikabaki kuwa njia ya uhakika ya kwenda sehemu nyingine za nchi. Vijana walioitwa jeshini, wagonjwa waliopelekwa Muhimbili, wanafunzi wa Tabora na wa Dar es Salaam, wafanyabiashara wa dagaa, wote walianzia hapa. Wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, katika vipindi tofauti tangu miaka ya 1970, waliufahamu mji huu kama mahali pa kwanza pa kupumua, na chakula cha msaada cha kuwalisha watu wa maziwa makuu kimeletwa Kigoma kwa reli hii. Mzee wangu wa Ujiji aliniambia kwamba yeye alianza kazi enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, akaendelea baada ya shirika hilo kuvunjika mwaka 1977 na Tanzania kubaki na lake. Alipokuwa akisimulia alitaja injini kwa namba, na stesheni masta kwa vyeo. Kwake reli ilikuwa ni watu walioamka usiku kupokea treni.

Sasa reli nyingine inakuja. Treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Stesheni yake kuu ya Dar es Salaam imechorwa kwa umbo la jiwe la tanzanite, na mimi naona fahari kuiona: kwa mara ya kwanza stesheni kubwa ya nchi hii imechukua sura yake kutoka kwa kitu chetu. Mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Itakapofika, safari ya siku itakuwa ya saa, na watu wa Kigoma wanastahili hilo kuliko wengi, kwa kuwa wamevumilia kukaa mbali kwa muda mrefu.

Hofu yangu ni kwa jumba la zamani. Majengo ya reli huharibika kwa namna moja kila mahali. Treni zikihama, ofisi hufungwa, bati moja hung'oka na hakuna wa kulirudisha, maji huingia ukutani, na baada ya misimu michache ya mvua mtu hutokea na kusema kwamba kubomoa ni nafuu kuliko kukarabati. Kuta nene zinavumilia mengi, ila haziwezi kuvumilia paa bovu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. La baadaye hupata ulinzi huo kwa kutangazwa rasmi. Kwa mstari huo wa miaka, Reli ya Kati nzima, iliyoanza mwaka 1905, iko upande usiolindwa mpaka mtu aseme neno.

Wapo watakaosema jumba hili ni alama ya mkoloni, kwa nini tuligharimie? Nawaheshimu, na nimewajibu kwa kuwaeleza lilivyojengwa. Wajerumani walilitumia chini ya miaka mitatu. Sisi na wazazi wetu na babu zetu tumelitumia zaidi ya karne. Mawe yake yalibebwa na mikono ya watu wa hapa, waliolazimishwa na kodi, ambao hawana kaburi wala jina katika kitabu chochote. Tukilibomoa, Wajerumani hawapotezi kitu. Tutakuwa tumefuta sehemu ya ushahidi uliobaki wa jasho la watu hao.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa wenye dhamana, yaani Shirika la Reli, Manispaa ya Kigoma-Ujiji na wizara inayosimamia malikale. La kwanza, kila stesheni ya zamani ya Reli ya Kati ambayo haijatangazwa kuwa urithi itangazwe, na Kigoma iwe ya mbele. La pili, jengo libaki na kazi. Nairobi ina makumbusho yake ya reli tangu mwaka 1971, na hapa Kigoma kuna kisa cha kutosha kujaza ghorofa nzima: misafara, chumvi ya Uvinza, makasha ya Liemba, Wabelgiji, wakimbizi, shirika la Afrika Mashariki. Chini, matao yaendelee kuwa ya abiria na wachuuzi, maana hao ndio waliolifanya jengo kuwa hai. La tatu, wastaafu wa reli wahojiwe sasa, wakiwa bado wanaweza kutaja injini kwa namba zake. Ukarabati wa paa unaweza kungoja bajeti ya mwakani. Kumbukumbu ya mzee wa Ujiji haingojei.

Nawe msomaji, kama una nafasi, nenda Kigoma kwa treni kabla reli mpya haijamaliza kazi yake. Nunua tiketi, chukua maji ya kutosha, zungumza na jirani yako wa kiti. Ukishuka, usikimbilie bodaboda. Simama kwanza chini ya yale matao ulitazame jumba ambalo wazee wetu walilijenga kwa ajili ya wengine, kisha wakalifanya lao.